Kabla Hujanunua Matone: Mama Mwenye Kilo Nyingi Alinde Vipi Ubongo wa Mwanawe

Oktoba ikifika, minada ya korosho ikaanza na malipo yakaingia kwenye akaunti za wakulima, Masasi na Newala, mkoani Mtwara, hubadilika sura. Pikipiki mpya zinavuma barabarani, mabati yanapandishwa juu ya nyumba zilizokuwa za nyasi, na mezani soda inakaa mahali palipokuwa na kikombe cha maji. Huo ndio msimu ambao kila mwenye kitu cha kuuza huikumbuka kusini: wa vitenge, wa redio, wa simu, na wa dawa.

Katika dawa zinazopigiwa debe duniani siku hizi, mojawapo ni kanabidioli, maarufu kwa kifupi chake, CBD. Ni kemikali inayotolewa kwenye mmea wa bangi, ikachanganywa na mafuta na kuuzwa kwa matone. Sifa zake ni nyingi, na mojawapo inamgusa mama moja kwa moja: kwamba huenda ikaukinga ubongo wa mtoto dhidi ya madhara ya unene wa mama yake. Habari ya namna hiyo haichelewi kufika. Inatoka maabara ya mbali, inapita kwenye simu ya ndugu aliyeko Dar es Salaam, na jioni inasomwa kibarazani Newala.

Ushauri wangu kwa mama ni mmoja: fedha ya matone irudishe kibindoni. Ubongo wa mwanao una walinzi wengine, na wengi wao wako shambani kwako, dukani kwa jirani na zahanati. Nitaeleza kwanza kwa nini matone hayafai, kisha nitakupa hatua za kufuata, kuanzia miezi ya kabla ya mimba hadi mtoto anaponyonya.

Matone hayo ni nini hasa

Mmea wa bangi una zaidi ya kemikali 100 za ukoo mmoja. Inayolevya inaitwa THC. CBD ni ndugu yake asiyelevya. Mwanakemia Roger Adams wa Marekani aliitenga mwaka 1940, na mwaka 1963 Raphael Mechoulam wa Israel na wenzake wakaeleza umbo lake. Ni dawa kweli kwa wagonjwa fulani: Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya CBD iitwayo Epidiolex kwa wagonjwa wenye aina mbili za kifafa kikali. Hiyo hutolewa na daktari, kwa kipimo kinachohesabiwa kwa uzito wa mgonjwa, huku ini lake likifuatiliwa kwa vipimo vya damu.

Habari ya mama mnene imetoka kwa panya. Watafiti huwalisha panya jike vyakula vya mafuta na sukari kabla ya mimba, wakati wa mimba na wakati wa kunyonyesha. Watoto wao hukua wakiwa na dalili kwamba ubongo unawaka ndani kwa ndani, hasa sehemu inayoongoza njaa na shibe. Wakipewa CBD, baadhi ya dalili hizo hupungua. Angalia vizuri nani alipewa dawa: katika majaribio ya aina hiyo wapo watoto wa panya waliopewa wao wenyewe baada ya kuzaliwa. Katika hayo, mama mwenye mimba hakupewa. Anayemuuzia mjamzito matone kwa hoja hiyo amesoma kichwa cha habari akaliacha tumbo la habari hiyo.

Na panya wenye mimba walipopewa dawa yenyewe ilikuwaje? Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, walichapisha matokeo yao. Watoto wa kiume waliozaliwa walihisi maumivu ya joto zaidi ya kawaida, na wa kike walikuwa wazito kutatua mafumbo waliyowekewa. Kwa hiyo ushahidi uleule wa panya unakata kuwili. Wamakonde, ambao panya wa shambani ni kitoweo chao cha tangu enzi, wanamjua mnyama huyu kuliko wanasayansi wengi, na hakuna kati yao atakayekwambia panya ni mtu.

Lipo pia suala la kilichomo ndani ya chupa. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye mtandao wakazipima. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo zilikuwa 26 tu, na 18 zilikutwa na THC, ile inayolevya. Mamlaka ya dawa ya nchi hiyohiyo, ambako matone haya yanauzwa hadi madukani, inawashauri vikali wajawazito na wanaonyonyesha wasitumie CBD wala THC kwa namna yoyote.

Kwetu Tanzania kuna pia mkono wa sheria. Bangi ni haramu chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015, na mafuta yanayotokana na mmea huo yanaweza kukufikisha kortini wewe uliyedhani umenunua dawa. Dawa yoyote halali inapaswa kutambuliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Chupa iliyokuja kwa bodaboda, isiyo na usajili, iache iende ilikotoka.

Unene wa mama unafika vipi kwa mtoto

Hapa kuna jambo la kweli, na si la kupuuza. Mwili wenye mafuta mengi kupita kiasi hutoa kemikali zilezile zinazotoka tunapokuwa na kidonda au homa, ila kwa kiasi kidogo na bila kukoma. Sukari na mafuta ya damu hupanda. Haya yote yanagusa kondo la nyuma, ambalo ndilo mlango wa mtoto. Mama mwenye unene uliopitiliza yuko karibu zaidi na kisukari cha mimba, presha na kifafa cha mimba, na mtoto wake ana nafasi kubwa kidogo ya kuzaliwa na mgongo wazi.

Kuhusu akili na tabia za mtoto baadaye, tafiti nyingi za watu zimeona uhusiano kati ya uzito wa mama na matatizo ya utulivu na umakini. Uhusiano haujawa sababu. Sweden mwaka 2014 walilinganisha ndugu wa tumbo moja, ambao mama yao alikuwa na uzito tofauti katika kila mimba, na uhusiano huo ukafifia sana. Maana yake ni kwamba sehemu ya tatizo inatokana na mambo ya familia nzima: kurithi, chakula, kipato, maisha ya nyumbani. Mama asibebeshwe lawama peke yake. Achukue yale anayoweza kuyabadilisha, ayabadilishe.

Wala tusidhani unene ni jambo la matajiri wa Masaki na Oysterbay, Dar es Salaam. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Utafiti huohuo ulikuta wajawazito 57 katika kila 100 wana upungufu wa damu. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinadokeza jambo ambalo macho hayalioni: mama anaweza kuwa na kilo nyingi na bado mwili wake una njaa. Ana mafuta ya kutosha, hana madini chuma, hana vitamini ya foliki, hana madini joto. Ubongo wa mtoto unajengwa kwa hivyo anavyokosa. Ndiyo sababu hatua zinazofuata zinashughulika na kilo, na pia na kile ambacho mzani hauoneshi.

Hatua ya 1: Panda mzani kabla ya mimba

Hatukubali gunia la korosho liingie ghalani bila kupimwa, lakini wenyewe tunaona haya kupanda mzani. Nenda zahanati au kituo cha afya, omba kupimwa uzito na urefu. Kisha piga hesabu hii: zidisha urefu wako kwa urefu wako, halafu gawa uzito kwa jibu ulilopata.

Mfano: dada mwenye urefu wa mita 1.58. Zidisha 1.58 kwa 1.58, unapata karibu 2.5. Akiwa na kilo 62, gawa kwa 2.5, unapata 24.8. Akiwa na kilo 75, unapata 30.

Jibu likiwa chini ya 18.5, umekonda mno. Kati ya 18.5 na 24.9 uko sawa. Kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene uliopitiliza. Hesabu hii haifai kwa aliyekwisha kushika mimba kubwa, maana uzito wa mtoto na maji utaipotosha. Andika jibu lako na tarehe kwenye daftari. Pima tena msimu wa korosho ukiisha, uone fedha zilizopita zimekuachia kilo ngapi.

Hatua ya 2: Punguza polepole, na mimba ingoje

Huna haja ya kurudi kuwa mwali. Kupungua asilimia 5 hadi 10 ya uzito kabla ya mimba kunatosha kushusha sukari na presha kwa watu wengi. Kwa mwenye kilo 80, hizo ni kilo 4 hadi 8. Jipe miezi sita.

Wakati unapungua, tumia uzazi wa mpango. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua mtoto aliye hai hadi kushika mimba nyingine. Mimba zinazofuatana kwa karibu hazimpi mama nafasi ya kupunguza kilo za ile iliyotangulia, wala ya kurudisha damu.

Wa kijijini anayelima kwa jembe na kuteka maji mbali ameshafanya mazoezi yake. Ninayemsema ni wa mjini Masasi au Newala, anayekaa dukani kutwa na kupanda bodaboda hadi sokoni. Huyo atembee kwa haraka dakika 30, siku tano za wiki. Dakika 150 kwa wiki ndicho kiasi kinachoshauriwa, hata kwa mjamzito ambaye daktari hajamkataza.

Ukishashika mimba, mambo ya kupunguza uzito yasimamishe. Usifunge kula, usinywe chai za kukondesha, usitumie dawa za kuharisha.

Hatua ya 3: Rudisha sahani ya kusini

Watu wa uwanda wa Makonde wana bahati ambayo hawaijui. Mbaazi, kunde na njugumawe ni chakula cha kila siku, na mbaazi na kunde zina foliki nyingi, pamoja na protini na madini chuma. Kisamvu kinastawi ua wowote. Dagaa na samaki wakavu wanapanda kutoka pwani. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yana vitamini C nyingi kuliko chungwa. Tatizo linaanza pale fedha ya korosho inapokifanya chakula hiki kionekane cha kimaskini, na chipsi mayai ikawa ndiyo heshima.

Igawe sahani yako hivi: nusu iwe mboga za majani, kama kisamvu, mlenda, majani ya kunde au matembele. Robo iwe mbaazi, kunde, dagaa au yai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali au ming'oko.

Mambo manne ya kuongezea:

Soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya karibu vijiko 8 vya chai. Shirika la Afya Duniani linasema ni bora zaidi sukari ya kuongeza isifike vijiko 6 kwa siku nzima, kwa hiyo chupa moja imekwisha kupita. Iweke kwa sikukuu.

Mafuta. Pima kwa kijiko cha chakula, usimimine kutoka kwenye dumu. Maandazi, vitumbua na mihogo ya kukaanga visiwe kifungua kinywa cha kila siku. Kiporo cha mbaazi au ming'oko ya kuchemsha kinashibisha kuliko hivyo.

Korosho. Ni nzuri, lakini ina mafuta mengi. Kiganja kimoja kwa siku kinatosha. Anayekaa karibu na karai la kubangua akidonoa kutwa anaweza kula mlo mzima bila kujua.

Chai. Iache mbali na chakula kwa saa moja au zaidi, kwa kuwa huzuia madini chuma yasiingie mwilini. Badala yake kula bibo, ukwaju, embe au chungwa pamoja na mbaazi. Vitamini C hufungulia madini hayo mlango.

Hatua ya 4: Angalia chumvi yako

Madini joto ndiyo yanayotengeneza homoni ya tezi ya shingo, na homoni hiyo ndiyo inayousukuma ubongo wa mtoto kukua tangu miezi ya mwanzo ya mimba. Upungufu mkali humfanya mtoto azaliwe na udumavu wa akili usiotibika. Katika tafiti za kitaifa, mikoa ya Lindi na Mtwara imekuwa miongoni mwa inayotumia kwa uchache chumvi yenye madini joto, kwa sababu chumvi nyingi inatoka kwa wazalishaji wadogo wa pwani na inauzwa kwa kupimwa, bila kufungashwa.

Nunua ya pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Nyumbani ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, mbali na jua, moto na unyevu. Itie chakula kikikaribia kuiva, maana moto na mvuke hupunguza madini hayo. Usiongeze wingi wa chumvi kwa kudhani unaongeza akili ya mtoto. Presha nayo inasubiri.

Hatua ya 5: Usicheze na muhogo mchungu

Muhogo ndio uliotulea, lakini ule mchungu una sumu ya sayanaidi. Usipoandaliwa vizuri na ukaliwa siku nyingi bila protini ya kutosha, huleta konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ghafla usiopona, ambao umewahi kuripotiwa Mkoa wa Mtwara. Hata kiasi kidogo cha sumu hiyo mwili unapokivunja hugeuka kemikali inayoizuia tezi kupokea madini joto. Mama anayekula bada, yaani ugali wa muhogo, kila siku na kutumia chumvi isiyo na madini amempunja mtoto mara mbili.

Kuloweka muhogo siku kadhaa husaidia sana, lakini uwanda wa Makonde unajulikana kwa shida ya maji. Wengi wanaanika makopa tu, na kuanika peke yake hakuondoi sumu ya kutosha. Ipo mbinu isiyohitaji maji mengi, iliyobuniwa na mwanasayansi Howard Bradbury wa Australia na wenzake. Weka unga wa muhogo kwenye bakuli, utie alama ya ndani mahali ulipofika. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Utandaze kwenye mkeka au turubai, unene wake usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iondoke na hewa. Usonge ugali siku hiyohiyo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuifanya kazi hii.

Hatua ya 6: Meza foliki kabla hujajua una mimba

Mfereji unaokuwa ubongo na uti wa mgongo hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe. Wengi wakati huo hawajajua hata kama siku zao zimechelewa. Mama anayeanza vidonge mwezi wa nne amefika mfereji ukiwa umefungwa, au umeshindwa kufungwa, zamani.

Anza mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya mimba. Miezi mitatu ni bora. Kama hesabu yako ya Hatua ya 1 ilitoa 30 au zaidi, mwulize daktari kuhusu kipimo kikubwa zaidi. Nchini Uingereza wanawake wa uzito huo wamewahi kushauriwa miligramu 5 kwa siku hadi miezi mitatu ya mwanzo iishe. Vidonge hivi ni vya bei ndogo. Ukitaka kulinganisha na matone ya CBD, hivi vimethibitishwa kwa wanawake wenye mimba, na vinakinga ubongo wenyewe.

Hatua ya 7: Wahi kliniki, uliza maswali

Nenda kabla ya wiki 12. Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane. Siku ya kwanza uzito wako uandikwe kwenye kadi, kisha mkubaliane na muuguzi utaongezeka kiasi gani hadi kujifungua. Vipimo vinavyotumiwa na wengi ni hivi: aliyekonda kilo 12.5 hadi 18. Mwenye uzito wa kawaida 11.5 hadi 16. Aliyezidi uzito 7 hadi 11.5, mwenye unene uliopitiliza 5 hadi 9. Kula kwa watu wawili hakumo kwenye hesabu hizi.

Omba presha ipimwe kila hudhurio, mkojo uangaliwe, damu ipimwe wingi. Mwenye kilo nyingi apimwe na sukari siku za mwanzo, na arudiwe kati ya wiki ya 24 na 28. Zahanati yako isipokuwa na kipimo, uliza rufaa: Masasi kuna Hospitali ya Mkomaindo, Ndanda kuna hospitali ya misheni, na Newala kuna hospitali ya wilaya. Kisukari cha mimba kikigunduliwa mapema, mara nyingi chakula na mwendo vinatosha kukituliza.

Mtwara ni mkoa wa malaria. Meza SP, dawa ya kukinga malaria unayopewa kliniki, lala ndani ya chandarua chenye dawa, endelea na vidonge vya damu hata vikikutia kichefuchefu. Vimeze usiku baada ya kula. Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba ghafla: nenda hospitali, usingoje asubuhi.

Hatua ya 8: Mambo ya kukaa mbali nayo

Msimu wa mabibo ni msimu wa uraka, pombe ya mabibo. Mjamzito asinywe, hata kidogo cha kuonja. Pombe huingia moja kwa moja kwenye ubongo wa mtoto na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Bangi na tumbaku vilevile. Kazi ya kupuliza mikorosho waachie wengine, maana baadhi ya viuatilifu vya wadudu vinajulikana kudhuru ubongo wa mtoto tumboni. Nguo za mpulizaji zifuliwe mbali na za nyumbani. Hamu ya kula udongo ikikushika, mweleze muuguzi. Mara nyingi ni dalili ya upungufu wa damu, na udongo huzidisha upungufu huo.

Hatua ya 9: Baada ya kujifungua

Mtoto awekwe ziwani ndani ya saa moja. Mama mnene wakati mwingine maziwa yake huchelewa siku moja mbili; asikate tamaa, aendelee kunyonyesha mara kwa mara na aombe msaada wa mkunga. Miezi sita ya maziwa ya mama tu, bila maji wala uji, kisha chakula laini huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

Uji wa uzazini ni mila nzuri, ila si lazima uwe na sukari ya kujaza kikombe. Utiwe karanga au ufuta, na mama ale pia mbaazi na samaki. Na mwongeleshe mtoto. Mwimbie, mtajie majina ya vitu, mjibu anapotoa sauti. Ubongo wa mtoto unakua kwa maneno anayoambiwa, na maneno hayauzwi dukani.

Kama umekwisha kutumia matone

Usifiche. Acha leo, chukua chupa uende nayo kliniki, mwambie muuguzi umetumia kiasi gani na kwa muda gani. CBD hugombana na dawa nyingine kwenye ini, zikiwamo baadhi za kifafa, kwa hiyo anayekutibu lazima ajue. Ikiwa ulipewa na daktari kwa ajili ya kifafa, usiache ghafla. Mwone daktari huyo haraka akupangie, kwa kuwa degedege lenyewe ni hatari kwako na kwa mtoto.

Neno kwa walio karibu naye

Baba, mbaazi zikipikwa usisusie ukidai nyama ya kukaanga. Fedha ya korosho ikiingia, ya kliniki itoke kabla ya ya spika.

Mama mkwe, mkamwana akisema ameshiba, ameshiba. Kwetu kunenepa ni kutunzwa, na "umenawiri" ni sifa anayopewa aliyeolewa vizuri. Sifa hiyo ibaki, lakini imfuate na aliyepungua kilo tano akawa mzima.

Makungwi, nyinyi ndio mwali anawasikiliza kuliko redio. Kwenye unyago mnamfundisha mengi ya ndoa. Ongezeni mafundisho matatu: foliki kabla ya mimba, chumvi ya pakiti, na kliniki kabla ya miezi mitatu.

Huduma za mama mjamzito katika vituo vya serikali ni bure kwa sera ya nchi, na mzani wa zahanati uko palepale mwaka mzima. Kwa hiyo, dada, kabla mnada ujao haujapigwa, nenda ukapande. Namba utakayoisoma ndiyo ya kuanzia kazi.